YAH: Malalamiko ya kuuziwa sensa mbili huku ubovu ukiachwa kwenye cheni ya injini

Kwa Meneja wa Huduma,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Nililileta kwenu gari langu aina ya Toyota IST, injini 1NZ-FE, likiwa limewasha taa ya injini. Asubuhi nikiliwasha lilitoa mlio wa kukwaruza upande wa cheni kwa sekunde chache, kisha mlio unapotea. Kwenye foleni ya Ubungo lilikuwa linamisi na kutetemeka. Yote haya nilimweleza kijana wenu wa mapokezi. Kwenye karatasi ya kazi aliandika neno moja tu: "sensa". Gari lilikuwa bado halijapimwa.

Mashine yenu ya kusoma hitilafu ilitoa msimbo P0016. Fundi akaniambia sensa ya kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu, imekufa, nikalipa Sh. 120,000 pamoja na ufundi 30,000. Taa ikazimwa kwa mashine, nikakabidhiwa funguo. Wiki haikuisha, taa ikawaka tena, msimbo ule ule. Sasa mkasema ni sensa ya krenkshafti, yaani shafti inayozungushwa na pistoni: Sh. 110,000 na ufundi mwingine 30,000. Taa iliporudi tena, nikaambiwa kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, imeungua, nitafute Sh. 650,000. Hapo nikalichukua gari langu.

Ndugu Meneja, P0016 hausemi sensa imekufa. Unasema krenkshafti na kamshafti hazipatani. Krenkshafti ikizunguka mara mbili, kamshafti inatakiwa izunguke mara moja, na kinachozifunga pamoja ni cheni. Sensa moja inasoma meno ya krenki, nyingine ya kamshafti, kompyuta inalinganisha. Tofauti ikizidi kiwango, inaandika msimbo huo. Kama mawimbi ya sensa ya kamshafti yangekuwa hayafiki, tungetarajia P0340. Ya krenki yasipofika, P0335. Na hata hiyo P0340 inahusu njia nzima ya umeme, yaani waya, plagi na sensa yenyewe, kwa hiyo maltimita, kile kipima umeme, inatangulia kabla ya kwenda Kariakoo kununua spea. Sikuona maltimita ikitumika kwenye gari langu hata mara moja, na kwenye ankara zenu hakuna kipimo kilichoandikwa.

Fundi niliyempelekea gari baadaye, yuko Tabata na hana hata bango, alianza na kijiti cha oili. Aliniambia mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, unasukumwa na presha ya oili, kwa hiyo oili chafu au njia iliyoziba inaweza kuleta msimbo uleule. Akachomoa valvu inayoongoza oili kwenda kwenye kamshafti, akaipima ukinzani wa umeme: ilikuwa ndani ya kiwango chake, omu 6.9 hadi 7.9 ikiwa baridi. Akaigusisha betri kidogo, tukaona kipini chake cha ndani kinasogea vizuri. Akatoa kichujio chake kidogo, akakiosha, kikawa hakina shida kubwa. Hadi hapo alikuwa hajaninunulisha kitu chochote.

Ndipo akafungua kava ya valvu. Akazungusha krenki taratibu kwa spana mpaka alama ya puli ikasimama kwenye sifuri, akanipa tochi ya simu nimulike. Alama za sproketi, yale magurudumu ya meno ya kamshafti yanayobeba cheni, zilipaswa kusimama juu zote mbili. Hazikuwa pale. Alipofungua na kava ya mbele, tensheni, kifaa kinachokaza cheni, ilikuwa imetoka karibu yote, na cheni ikawa inalegea mkononi kama mkufu. Ameweka cheni mpya, tensheni, gaidi za kuongoza cheni na oili. Tangu hapo taa haijawaka, na ule mlio wa asubuhi umekwisha.

Kilichoniumiza zaidi si fedha. Injini hii cheni ikiruka meno ya kutosha, pistoni zinaweza kugonga valvu, na injini ndiyo imekwisha. Mimi nabeba abiria kwa gari hili, ndilo linalolisha nyumba yangu. Mlinirudisha Barabara ya Morogoro na cheni ile, mara mbili, mkiniambia gari limepona. Limepona kwa kipimo gani? Kufuta msimbo si kutengeneza. Tena mlipofuta mlifuta pia kumbukumbu ya hali ya injini wakati hitilafu inatokea: mzunguko, joto, mzigo. Kumbukumbu hiyo ingemsaidia fundi yeyote aliyetaka kujua, na ilipaswa kusomwa na kuandikwa kwanza.

Sina ugomvi na vijana wenu. Yule aliyefunga sensa alifunga kwa usafi kabisa. Ila hakuna aliyemwambia apime, na karatasi yenu ya kazi haina hata nafasi ya kuandika vipimo. Hilo ni jukumu la uongozi.

Naomba mnirudishie Sh. 290,000 nilizolipa kwa sensa zote mbili na ufundi wake. Sensa mlizonifungia nitazirudisha. Naomba pia sensa zangu za zamani, ambazo zilibaki kwenu na ninaamini ni nzima, pamoja na maelezo ya maandishi ya nani aliamua kontroli boksi imeungua na alitumia kipimo kipi. Nasubiri majibu ndani ya siku 14. Nisipoyapata, nitapeleka suala hili Tume ya Ushindani, FCC, kwa kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamlinda pia mlaji.

Nimeambatanisha risiti mbili za EFD, nakala ya karatasi ya kazi na picha za alama za sproketi. Cheni ya zamani ninayo nyumbani. Fundi wenu mkuu akitaka kuilaza mezani kando ya mpya na kuzilinganisha, anipigie, nitaileta.

Wenu,
Mteja, mwenye IST ya rangi ya fedha,
Kimara, Dar es Salaam.