Pikipiki ya mzee imelala stoo miaka? Usianze na kiki

Kijana mmoja alituletea gereji Honda CG125 ya marehemu baba yake, aliyekuwa bwana shamba. Ilikuwa imeegeshwa nyuma ya magunia ya mahindi kwa miaka 11. Kabla ya kuja kwetu alikuwa ameshaiongezea lita mbili za petroli mpya, akapiga kiki asubuhi nzima hadi goti likavimba. Tulipofungua kifuniko cha tangi ilitoka harufu ya vanishi, kama umeingia kwa seremala.

Petroli ikikaa sana, sehemu yake nyepesi inayoshika moto haraka huruka, na inayobaki huganda taratibu kuwa gundi ya kahawia. Nayo bati la tangi lililoachwa nusu hushika unyevu na kuota kutu. Ile petroli mpya iliikoroga kutu hiyo na kuishusha hadi kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa. Kwa hiyo ombi letu la kwanza kwa mteja ni hili: usiongeze mafuta, usipige kiki. Ilete kama ilivyo.

Kazi kubwa iko kwenye jeti ndogo ya kabureta, kitundu cha kupitisha petroli kinacholisha injini ikiwa silensa, yaani ikinguruma bila kuvutwa mafuta. Tundu lake halifiki nusu milimita. Tulipoichomoa ya kijana yule na kuielekeza juani, hatukuona mwanga hata chembe. Dalili yake ni rahisi kuijua: pikipiki inawaka ukivuta choki (ile ya kupunguza hewa injini ikiwa baridi), ukiirudisha tu inazima. Tunailoweka kwenye dawa ya kusafishia kabureta, tunapuliza upepo wa kompresa, na ikikaidi tunapitisha uzi mmoja laini wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme. Tafadhali usichokoe kwa waya wa chuma au sindano. Tundu likipanuka kidogo tu, pikipiki itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi, na hakuna namna ya kulirudisha. Kabureta za namna hiyo tunaletewa mara nyingi, na inauma, kwa sababu zilihitaji kusafishwa tu.

Tukiwa humo tunatikisa boya, lile linaloelea kwenye petroli ya kabureta, karibu na sikio. Ukisikia mafuta yanacheza ndani, limetoboka. Sindano yake, inayofunga petroli boya likipanda, ikinata, petroli hufurika na inaweza kuingia hadi kwenye injini, ndiyo maana tunanusa oili kabla ya kuwasha chochote. Oili inayonuka petroli inamwagwa yote.

Tangi lenye kutu ya wastani tunalijaza siki nyeupe usiku kucha, tunalisuuza kwa maji yenye magadi ya kupikia, kisha tunalikausha papo hapo na kulipaka oili ndani. Ukichelewa hata nusu saa kutu mpya inaanza. Likiwa limetoboka, usilipeleke kwa mchomeleaji ukijiamini kwamba ni tupu. Tangi tupu limejaa mvuke wa petroli, na mvuke huo ndio unaolipuka. Hili hatulifanyii mzaha na mteja yeyote.

Koki ya kufungulia petroli, chujio lake na mpira wa mafuta tunabadilisha bila kubishana, ni vitu vya bei ndogo. Tundu la hewa kwenye kifuniko cha tangi nalo lisafishwe. Likiziba, pikipiki hutembea dakika chache na kuzima, na ukifungua kifuniko unasikia tangi linavuta pumzi.

Wateja wengi huuliza kama si nafuu kufunga kabureta mpya ya dukani. Ushauri wetu ni kuitunza ya zamani kama mwili wake haujaliwa, maana jeti zake zilipimwa kwa injini ile. CG125 ilitoka 1976, ikiundwa kwa ajili ya watu wasio na gereji karibu: valvu zake zinasukumwa na fito, haina mnyororo wa taimingi wa kulegea. Injini nyingi za bodaboda za Kichina zimefuata umbo lake, kwa hiyo gasketi na oringi hazitusumbui kupata.

Ya kijana yule iliwaka kwa kiki ya tatu, ikakaa silensa bila choki.

Kazi huchukua siku tatu, nyingi zikiwa za kuloweka. Bei tunakupa baada ya kufungua mbele yako, na vifaa vya zamani tunakurudishia kwenye mfuko. Njoo na ufunguo wa kifuniko cha tangi. Kama ufunguo umepotea, tuambie mapema.