Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi: mwajiri asipewe ruhusa ya kupima hisia kichwani

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kuhusu vifaa vya kuvaa kichwani vinavyodaiwa kutambua hisia za mtu kwa mawimbi ya ubongo. Naomba sheria imkataze mwajiri kumvisha mfanyakazi kifaa hicho ili ajue kama ana hasira au hana raha.

Kupima mawimbi hayo si jambo geni. Hans Berger, daktari wa Ujerumani, alirekodi umeme wa ubongo wa binadamu mwaka 1924, na hadi leo madaktari huutumia kuchunguza kifafa. Kilicho kipya ni kompyuta kuitazama mistari ileile inayochorwa na umeme huo na kutamka: huyu ana huzuni.

Tazama inavyofundishwa. DEAP, mkusanyiko wa data unaotumiwa sana na watafiti, una watu 32 waliotazama video 40 za muziki, kila moja dakika moja, kisha wakajipa alama wenyewe kwa jinsi walivyojisikia. Mashine basi haijajifunza huzuni. Imejifunza alama za mtu aliyeketi kimya maabara akisikiliza muziki. Aliyefokewa na msimamizi mbele ya wenzake hayumo humo.

Halafu umeme wenyewe ni hafifu, wa kupimwa kwa sehemu za milioni za volti. Ukikaza taya au ukikunja uso, umeme wa misuli huufunika ule wa ubongo, na programu inaweza kusifiwa kwa kusoma ubongo kumbe imesoma taya. Ukiipeleka kwa mtu ambaye haikufunzwa kwake, usahihi kwa kawaida hushuka. Muulize muuzaji yeyote alama zake za usahihi zilipatikana kwa vichwa vya nani.

Utaambiwa teknolojia itakomaa. Ikikomaa, mimi ndipo nitakapoogopa zaidi, maana leo mfanyakazi anaweza angalau kubisha kwamba mashine imekosea.

Umoja wa Ulaya umekwisha kukataza mifumo ya kutambua hisia kazini na shuleni tangu Februari 2025, isipokuwa kwa sababu za tiba au usalama. Tukifuata njia hiyo, mlango wa usalama usiachwe wazi mno: kumpima dereva usingizi ni jambo moja, kupima kama anamchukia bosi wake ni jingine kabisa.

Wala usiridhike na fomu ya ridhaa, Mheshimiwa. Mtu anayetegemea mshahara atasaini chochote atakachowekewa mezani na anayemlipa.

Wako mtiifu,
Mfanyakazi