Barua ya wazi kwa shangazi yangu wa Luchelele: kabla hujanunua kamera ya nje

Shangazi, shikamoo.

Tangu uliponieleza kwamba pampu yako ya maji ilibebwa usiku na asubuhi ukakuta mabomba matupu, nimekuwa nikilifikiria swali uliloniuliza kabla hatujakata simu: kamera ipi inafaa kufungwa nje? Nilikujibu upesiupesi, jambo ambalo halikuwa haki kwako. Nakuandikia hadharani kwa sababu najua hapa Mwanza si wewe peke yako uliyeulizwa na muuzaji idadi ya megapikseli unazotaka kabla hajakuuliza nyumba yako imekaaje.

Tuanze na geti, maana huko ndiko mwizi alikopitia. Kutoka barazani kwako hadi getini ni kama mita 10. Kamera nyingi zinazouzwa mjini zina lenzi ya milimita 2.8, inayoona eneo pana la takriban nyuzi 100, na ndiyo maana picha yake hupendeza dukani, kwani ua zima huonekana kwa mara moja. Tatizo ni kwamba, kwa umbali wa mita 10, eneo hilo lina upana wa karibu mita 24, na kamera ya megapikseli 2, ambayo picha yake ina pikseli (vidoti vinavyoiunda) 1920 kutoka kushoto hadi kulia, hubakiwa na pikseli 80 hivi kwa kila mita. Viwango vya kimataifa vya kamera za ulinzi hutaka pikseli 250 kwa kila mita ili sura ya mtu usiyemfahamu itambulike. Utaona basi kwamba mtu ameingia, kwamba amevaa kofia, na kwamba pampu yako iko begani kwake. Lakini ni nani, hutajua. Lenzi ya milimita 6 ikifungwa palepale barazani huona upana wa mita 9 tu, na ikiwa kwenye kamera ya megapikseli 4 inakifikia kiwango hicho. Ipo pia njia ya gharama ndogo zaidi: baki na ile ya milimita 2.8, ila ifungwe mita 3 kutoka getini badala ya barazani. Isipandishwe juu mno, la sivyo itakuletea picha za kofia na vipara.

Nyumba yako inatazama ziwa, na ziwa kwako liko magharibi. Jioni jua linaposhuka, mwanga wake hupiga juu ya maji na kurudi machoni, nawe unajua jinsi sote tunavyogeuza viti pale barazani ifikapo saa kumi na moja. Kamera haina kiti cha kugeuza. Ikielekezwa ziwani, kila jioni itaona weupe mtupu na watu kama vivuli, hata kama ni ya aina inayosifiwa kwa kusawazisha mwanga na giza. Ifungwe ukutani upande wa ziwa, ikitazama ndani ya ua.

Kuhusu wadudu, hapa ndipo ushauri unaoandikwa kwa ajili ya miji ya mbali unapotuacha njiani. Siku hizi zipo kamera zinazowasha taa nyeupe usiku ili picha iwe ya rangi. Kwako taa hiyo itawaita wale wadudu wa ziwani wanaopaa kutoka majini kama moshi, na simu yako italia usiku kucha kukutaarifu kwamba kuna mtu, kumbe ni wadudu. Chagua inayotumia miale ya infraredi, yaani mwanga usioonekana kwa macho yetu, ambayo hata wadudu wengi hawaioni, ingawa picha yake ni nyeusi na nyeupe. Hata hiyo haikuepushi na buibui, ambao hupenda kutanda mbele ya lenzi. Uzi mmoja tu ukimulikwa na miale hiyo hugeuka kuwa ukungu kwenye picha nzima. Weka kitambaa laini na fimbo ndefu, na kila wiki mbili mtu apanguse.

Mvua niliijua kwa hasara yangu. Kamera yangu ya kwanza ilikuwa na alama ya IP66, maana yake vumbi haliingii na hata maji ya kurushwa kwa nguvu hayapenyi, na kweli maji hayakuipenya kamera yenyewe. Masika yaliingilia kwenye kiungo cha waya, ambacho fundi alikiacha kinaning'inia chini ya bati, kikashika kutu ndani ya miezi miwili. Mwambie fundi wako viungo vyote viingie ndani ya kisanduku kinachofungika, na waya ushuke kidogo chini ya tundu la ukuta kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondokee nje. Radi za ziwa letu unazijua kuliko mimi; kifaa cha kuzuia umeme wa ghafla kisikosekane.

Umeme unapokatika ndipo mwizi anapofanya kazi, kwa hiyo kamera inayozimika pamoja na taa za nyumba haina maana. Kamera ya kawaida hutumia wati 5 hivi, na betri ya volti 12 ya ampea-saa 7 inaweza kuiendesha usiku mzima. Hakikisha inarekodi kwenye memori kadi iliyo ndani yake, ili iendelee hata rauta ikizimika. Ikirekodi mfululizo kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde, siku moja hula gigabaiti 21 na zaidi, kwa hiyo kadi ya gigabaiti 128 itatunza siku tano au sita kabla ya kufuta za zamani. Kiasi hichohicho ukikipeleka mtandaoni kwa bando la simu, utaimaliza pensheni yako.

Neno la siri ambalo kamera ilitoka nalo kiwandani libadilishwe siku ileile. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai iliteka vifaa vingi vya mtandaoni duniani, kamera zikiwemo, kwa kujaribu tu maneno hayo ya kiwandani. Vilevile kamera isichungulie uani kwa mama jirani, ambako bafu lake halina paa. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, yule ndiye aliyesikia mbwa wakibweka usiku ule na akakupigia simu.

Nitakuja Jumamosi na ngazi. Kabla ya hapo, naomba umtume kijana apime kwa futi kutoka kila nguzo hadi getini, na unipigie picha ya ua saa kumi na moja na nusu jioni ukiwa umesimama pale unapotaka kamera ikae. Fundi asitoboe ukuta kabla sijafika.