AFCON 2027 na uchaguzi: nani anayawaza kwa pamoja?

Mhariri,

Kwa ratiba iliyotangazwa, Kombe la Mataifa ya Afrika litakaloandaliwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania litachezwa Juni na Julai 2027, na Wakenya watapiga kura Jumanne ya tarehe 10 Agosti mwaka huo huo. Wizara inayohusika na michezo inazungumzia viwanja, tume ya uchaguzi inazungumzia uchaguzi, polisi nao wanazungumzia usalama kwa jumla. Sijamsikia afisa hata mmoja akitueleza hadharani itakuwaje mambo haya matatu yakikutana siku moja katika mji mmoja.

Hasara ya kutowaza hivyo tunaijua. Kenya ilikuwa imekabidhiwa CHAN ya 2018, yaani mashindano ya Afrika ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao, na ni kweli kwamba viwanja vilichelewa. Lakini tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu ilibatilisha uchaguzi wa urais, taifa likaingia katika maandalizi ya kura ya marudio, na kabla ya mwezi huo kwisha Shirikisho la Soka Afrika, CAF, likatupokonya mashindano, ambayo baadaye yalipelekwa Moroko. Uwezekano wa kura ya urais kubatilishwa na kurudiwa katika muda wa siku 60 ulikuwa umeandikwa wazi katika Katiba ya 2010, kwa hiyo yeyote aliyekaa na kalenda angeuona mapema.

Safari hii mashindano yanatangulia kura, na wapo wanaodhani kwamba hilo limetuondolea tatizo. Mimi naona limelihamisha tu. Tarehe 25 Juni na Saba Saba, yaani tarehe 7 Julai, zote zinaangukia katika kipindi cha mashindano, na hizo ndizo siku ambazo mwaka 2025 vijana waliingia barabarani, watu wakauawa, na njia za kuingilia katikati ya Nairobi zikafungwa kwa vizuizi vya polisi. Tuseme basi kuna mechi jijini tarehe 25 Juni 2027, wakati joto la siasa limepanda kwa sababu uchaguzi umebakiza wiki chache. Je, basi la timu litapita wapi? Shabiki aliyetoka Dakar au Cairo atafikaje uwanjani ikiwa barabara imefungwa kwa seng'enge? Na kamanda mwenye askari wasiotosha atawapeleka langoni mwa uwanja, kwenye maandamano, au kwenye mkutano wa kampeni?

Asidhani mtu kwamba ninakuza mambo. Agosti 2025, wakati wa CHAN, mashabiki walivunja vizuizi vya uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, na CAF ikaamuru idadi ya watazamaji katika mechi ya Kenya na Zambia ipunguzwe hadi 27,000. Miezi miwili baadaye, mwili wa Raila Odinga ulipopelekwa katika uwanja huo huo, umati ulizidi nguvu za walinzi, risasi zikafyatuliwa na baadhi ya waombolezaji wakapoteza maisha. La kwanza lilikuwa tukio la michezo na la pili la siasa, ila milango ilikuwa ile ile.

Kuna na jambo la intaneti, ambalo naona halizungumzwi kabisa. Tanzania ilizima mtandao wakati wa uchaguzi wa Oktoba 2025, Uganda ikafanya hivyo Januari 2026. Ikiwa tiketi zote zitakuwa kwenye simu, na serikali mojawapo ikaamua kuzima mtandao kwa sababu zake za kisiasa, maelfu ya watu watasimama nje ya lango wakiwa na tiketi walizolipia lakini zisizofunguka. Ninavyojua mimi mashabiki wetu, hawatarudi nyumbani kwa utulivu.

Usalama hauishii uwanjani pia. Waliouawa Kampala tarehe 11 Julai 2010, zaidi ya watu 70, walikuwa wamekaa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia kwenye runinga. Mabaa na kumbi zitakazojaa kutoka Mombasa hadi Kisumu zina mpango gani?

Najua wapo watakaosema barua hii ni uchuro. Hata hivyo, sidai serikali zianike mipango yao ya siri. Ninachoomba ni kwamba kamati za bunge zinazohusika na michezo na usalama zikutane na tume ya uchaguzi na waandalizi wa mashindano katika kikao kimoja cha wazi, wapewe matukio kama haya moja baada ya jingine, na kila mmoja aeleze ni nani atakayetoa amri, kwa muda gani, na mechi itaahirishwa au kuhamishwa kwa uamuzi wa nani. Kikao hicho kifanyike kabla tiketi ya kwanza haijauzwa.

Shabiki wa Harambee Stars,
Nairobi