Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: waridi zimefika, dahlia hapana

Wanachama wenzangu habari za mvua, wakubwa zangu shikamooni. Najua wengi mtaruka mpaka kwenye hela kwa hiyo naanza na hela: ile mizizi ya maua ya dahlia ya Uholanzi mliyochangia haijafika bustanini hata moja, na kosa ni langu mimi, sio la wakala wa forodha wala la yule dada wa ukaguzi pale uwanja wa ndege. Waridi zimefika.

Ilikuwa hivi. Muuzaji alitangaza punguzo mwezi wa pili, mi nikaona tusipolipa leo zinaisha, nikalipa, kibali nikasema nitakifuatilia mzigo ukiwa njiani. Kumbe ndo nimeharibu hapohapo. Kibali cha kuingiza mimea unaomba kwanza TPHPA, ile Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu iliyokuja na sheria ya 2020 (wazee bado wanasema TPRI, jina la ile taasisi ya zamani, na ofisi ni palepale Ngaramtoni, Arusha), unataja mmea kwa jina lake la kisayansi, idadi, na unatoka nchi gani, kibali kinatoka na masharti yake, halafu hayo masharti unamtumia muuzaji ili wakaguzi wa serikali ya kwao wakague kwa kuyafuata na wayaandike kwenye cheti cha afya ya mimea, mawakala wanaita faito. Sasa faito yetu ilikuwa nzuri tu, mhuri upo, sahihi ipo, ila tarehe yake imetangulia ya kibali. Yaani mkaguzi wa kule alikagua bila kujua sisi huku tunaogopa nini. Mzigo ukashikiliwa KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro.

Nikaitwa kushuhudia katoni zikifunguliwa. Harufu ilitupokea kabla ya mizizi yenyewe, kama gunia la viazi lililosahaulika stoo, na zile ambazo hazijaoza zilikuwa zimeshachipua gizani, vichipukizi vyeupe kama njiti za kiberiti. Hata hapo bado nilikuwa najipa moyo. Yule dada akachukua moja, akageuza, akaingiza ncha ya kisu pale vidole vya mizizi vinapokutana, kikadondoka kibonge cha udongo mweusi kidogo tu, hakizidi punje ya harage. Akaniambia, "Mama, hiki hakiingii hata ungekuja na vibali kumi." Zikachomwa zote na gharama ya kuchoma tukalipa sisi.

Kuna aliyeniuliza kwenye grupu, kaudongo tu ndo kasababishe yote hayo? Ndiyo, na sisi watu wa migomba tungekuwa wa kwanza kuelewa. Ule mnyauko wa migomba unaoitwa TR4 uligundulika Msumbiji 2013 kwenye shamba la ndizi kule Nampula, mara ya kwanza Afrika nzima, na Msumbiji tumetenganishwa nayo na mto Ruvuma tu. Ni kuvu, anakaa kwenye udongo miaka na miaka hata mgomba ukiwa umeng'olewa, dawa hamna, na anasafiri kwa machipukizi, kwa tope la kwenye jembe, kwa soli ya kiatu. Ndo maana mizizi hai inatakiwa ioshwe mpaka ing'ae na ifungwe kwenye kitu kisafi kisichokuwa udongo. Na ndo maana yule mwenzetu (simtaji, anajijua) aliyerudi na chipukizi la mgomba kwenye begi limeviringishwa kwenye kanga asiendelee kuninunia, mi mwenyewe nilimwambia akalikabidhi.

Waridi sasa. Kibali tulikuwa nacho mapema, mizizi imeoshwa, udongo hamna, tukajua tumemaliza. Kumbe ankra ya muuzaji imeandika "mizizi ya waridi" na wakala akaiweka namba 06.01 kwenye orodha ya bidhaa ya forodha, ambayo ni ya vitunguu vya maua na viazi vyake kama dahlia, wakati waridi ziko 06.02, mimea hai mingine pamoja na mizizi yake, tena zina mstari wao kabisa, 0602.40. Kurekebisha kumetula siku 2 huku mimi nanyunyizia maji ile kuvumwani iliyofungiwa mizizi, kwa chupa ya maji ya Kilimanjaro. Na wanaolalamika mbona hesabu ya ushuru inaanzia juu kuliko bei ya miche, thamani ya forodha haichukui bei ya miche peke yake, inaongezwa na bima.

Kwa hiyo kamati imekubaliana hela haitoki kwa mweka hazina mpaka kibali kionekane kwa macho, kiko mkononi na hakijaisha muda, na muuzaji atutumie picha ya mizizi imeoshwa na rasimu ya faito na ankra kabla hajafunga katoni, tulinganishe majina neno kwa neno. Hasara ya dahlia nimejitolea kurudisha nusu kutoka mfukoni kwangu, hiyo nusu nyingine mkutano ndo utaamua na mkiamua nilipe yote nitalipa ila kwa awamu jamani.

Waliolipia waridi njooni mchukue kwangu Jumamosi asubuhi, mje na ndoo ya maji, zikae humo usiku mmoja kabla ya kupanda, na zile 3 zisizo na kibandiko sijui ni za nani.