YAH: REDIO KOLI SITA ZISIZOFAA PORINI, NA KUITWA JANGILI KWENYE KAUNTA YENU

Ndugu Meneja Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nawasalimu kwa heshima, na nitajitahidi heshima hiyo ifike mpaka kwenye sahihi, ingawa mimi dukani kwenu sikuipata. Namba ya oda iko kwenye risiti mliyoniandikia kwa mkono. Masharti yenu ya kubadilisha bidhaa mmeyabandika ukutani, juu ya kaunta, kwa hiyo sitawapotezea muda kuyaeleza.

Nianze na lililoniuma kuliko yote. Nilirudisha redio sita, zote ndani ya maboksi yake, na kijana wenu wa mauzo akaniuliza tunazitumia wapi. Nikamjibu: porini, kwenye kambi ya uwindaji, Pori la Akiba Rungwa. Akacheka. Akawageukia wateja waliokuwa kwenye foleni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni: "Hawa ndio majangili wenyewe, redio zikigoma wanakuja kutusumbua mjini." Watu wote wakanigeukia. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, na nilikuwa nimesimama pale na boksi mikononi.

Sasa redio zenyewe. Oda yetu ilisema VHF, yaani redio za masafa ya chini kuliko UHF. Iliandikwa VHF, ikasemwa VHF kwenye simu, na nakala ya leseni yetu ya masafa kutoka TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano, niliwatumia ili fundi wenu aingize masafa yetu kabla ya kuzisafirisha. Stesheni ya kambini ni VHF. Redio za magari yote ni VHF. Mlichokipakia kwenye basi kuja Itigi ni UHF. Ukitoa betri unakutana na lebo nyeusi yenye maandishi meupe madogo: 400–470 MHz. Redio ya namna hiyo haiwezi kuzungumza na stesheni ya VHF hata ukiziweka juu ya meza moja. Hili halihitaji mhandisi. Kila anayeuza redio koli analijua, na ninyi ndiyo biashara yenu.

Na masafa yaliyokuwemo ndani hayakuwa yetu. Fundi wetu alipozipima alikuta yale ya kiwandani, megahezi 462, masafa ambayo Marekani wameyatenga kwa redio ndogo za familia. Hapa Tanzania masafa yanagawiwa na TCRA chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na sisi tunalipia yetu. Kampuni inayofuata sheria inauziwa kifaa cha kuvunjia sheria, tena baada ya kuwapa leseni yake mkononi. Mlidhani tungewaeleza nini wakaguzi?

Boksi limeandikwa kilomita 16. Nataka mnieleze kilomita hizo zilipimwa wapi. Watu wawili wakisimama kwenye uwanda usio na hata kichaka, redio ikiwa kama mita moja na nusu kutoka ardhini, mviringo wa dunia peke yake unayakata mawimbi kwenye kilomita 10 hivi. Hapo hakuna mti, hakuna kilima, hakuna korongo. Ili mfike 16, mmoja lazima awe amepanda juu, mita saba hivi kutoka ardhini. Rungwa ni miombo, na penye vichaka vya aina ya Itigi mtu akitembea hatua chache humuoni tena. Mawimbi ya VHF yana urefu wa karibu mita mbili na yanavumilia majani na matawi kuliko ya UHF, ambayo kazi yake nzuri ni mjini, kwenye maghorofa na maghala. Ndiyo maana tuliomba VHF. Hizi zenu, ndani ya miombo, zilikuwa hazimalizi kilomita moja. Msinijibu habari za wati tano. Wati hazipandishi antena juu ya miti.

Hatukuomba redio za kifahari. Niliwaambia wazi kwamba bajeti ni ndogo, shilingi 90,000 kwa moja, na msemaji wenu akanihakikishia kwamba kwa bei hiyo ipo inayofaa. Nami nakubali ipo, kwa sababu nimeshawahi kufanya kazi na redio za bei ya chini zikatimiza wajibu. Mahitaji ya porini yanajulikana: VHF, antena ndefu kiasi badala ya kale kafupi ka kupendezesha mfukoni, kiwango cha IP67 ili vumbi lisiingie na isife ikidumbukia majini, betri ya akiba, chaja ya volti 12 ya kwenye gari kwa sababu jenereta la kambi haliwaki mchana kutwa, na kipaza sauti cha sikioni ili redio isije ikalipuka kelele mkiwa mita thelathini kutoka kwa mnyama. Niliyataja yote haya kwenye simu, na mlisema ndiyo kwa kila moja. Nikafungua boksi nikakuta chaja ya ukutani na kamba ya mkononi.

Narudi kwenye kaunta, mniwie radhi, kwa sababu nikiandika habari za redio jambo lile linanirudia. Kijana wenu aliposema lile neno, nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza kwa upole, "Umesemaje, kijana wangu?" Alikuwa na nafasi ya kulimeza. Hakulimeza. Akanitazama usoni akasema, "Mzee, nimesema majangili. Wote mko hivyo, wengine mna kibali tu." Mama mmoja kwenye foleni akavuta mkoba wake karibu na kifua. Msimamizi alikuwa nyuma ya kioo, hatua tatu kutoka pale, akainua macho, akaniona, akarudi kwenye simu yake. Halafu mlinzi akaitwa. Mlinzi yule nampa haki yake, aliona aibu, alinishika kiwiko taratibu akaniambia "twende baba". Lakini alinitoa. Nilitolewa nje ya duka nililolipia shilingi 540,000, boksi langu likawekwa juu ya ngazi, na kibali kilikuwa kwenye mfuko wa shati langu muda wote huo.

Mnajua neno hilo lina uzito gani kwa watu wa kazi yetu? Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa nchi hii walishuka kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000. Waliofanya vile ndio majangili. Sisi tuliokuwa porini miaka ile tuliikuta mizoga imekatwa nyuso, tukaisikia harufu kabla ya kuiona. Tumeng'oa mitego ya waya kwa mikono yetu. Mgeni wetu hapigi risasi bila kibali cha mnyama husika na bila askari wa wanyamapori kuwa pembeni yake, kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Na redio zile tunazozidai ndizo tunazotumia kutoa taarifa tukikuta nyayo za watu wasio na kazi pale. Kijana wenu alimtukana mtu anayesaidia kumzuia jangili, kwa kosa la kudai kifaa cha kumzuilia.

Sikuwa nimekuja dukani kwa sababu ya maandishi ya kwenye lebo. Mfuata nyayo wetu mkubwa alikuwa hospitalini.

Mgeni alimpiga nyati dume, risasi ikaingia nyuma kidogo ya bega, nyati akazama kichakani. Nyati aliyejeruhiwa hakimbii tu. Anaweza kuzunguka, akarudi karibu na nyayo zake mwenyewe, akasimama akingoja. Mwindaji bingwa na askari walibaki kwenye damu, mfuata nyayo akapita ng'ambo ya korongo kutazama kama ametoka upande ule. Alikuwa na redio yenu. Sisi tulikuwa na redio yenu. Alimwona nyati anarudi, akabonyeza kitufe, taa nyekundu ikawaka, akazungumza. Anasema alizungumza mara nyingi. Upande wetu ilitoka mikwaruzo, kisha kimya. Nyati alimtokea yeye. Aliwahi mti, lakini mkono wa kulia ulivunjika kabla hajafika tawi la pili.

Mkidhani hapo ndipo ubaya uliishia, hapana. Gari lilikuwa limebaki barabarani, na redio ya gari ni VHF, na sisi mikononi tulikuwa na UHF zenu. Dereva alikuwa amekaa, redio yake imewashwa, anasubiri kuitwa. Hatukuweza kumwita. Mtu alitembea kwa miguu kumfuata, na mgonjwa akakaa chini ya mti ule mpaka giza limeingia, akiuma mkanda wa bunduki kwa maumivu. Redio sahihi ingelileta gari kabla ya jua kuzama.

Na msiseme hatukuwaarifu. Siku kifurushi kilipofika nilipiga simu kwenu saa hiyo hiyo, wageni wakiwa wameshaingia kambini, nikasema hizi ni UHF. Jibu la mtu wenu wa huduma kwa wateja ninalo kwenye ujumbe wa simu, sijalifuta: "Zitumieni tu, zitajitafuta zenyewe masafa." Aliyejibu hivyo ama haijui kazi yake, ama alitaka nikate simu.

Nilipokuwa naanza kuandika barua hii nia yangu ilikuwa kuomba kubadilishiwa: mchukue UHF, mlete VHF sita zenye masafa yetu. Kijana wenu alinionyesha kibao cha "Mali ikishauzwa hairudishwi", huku juu ya kichwa chake kuna tangazo lenu la kubadilisha bidhaa ndani ya siku saba, na mimi nilikuwa ndani ya siku hizo. Lakini kadiri ninavyoandika naona kubadilishiwa hakutoshi, na sitaki tena kifaa kutoka kwenu cha kumkabidhi mtu anayekwenda kwenye kichaka chenye nyati.

Kwa hiyo nadai shilingi 540,000 zote, pamoja na gharama ya kifurushi na nauli yangu ya kuja na kurudi. Nadai mlipe matibabu ya mfuata nyayo wetu, na mshahara wake kwa muda wote atakaokuwa nje ya kazi, maana mkono ule ndio unaomlisha yeye na watoto wake. Nadai barua ya kuomba radhi yenye mhuri wa kampuni na sahihi yako wewe Meneja. Na kijana yule pamoja na msimamizi wake waniombe radhi kwa mdomo, kwenye kaunta ile ile, saa za kazi, wateja wakiwepo kama walivyokuwepo siku ile. Ofisini kwa mlango uliofungwa sitakuja, kwa sababu sikutukanwa ofisini.

Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Zikipita bila jibu, faili linakwenda Tume ya Ushindani, FCC, kwa kuuza bidhaa kinyume na maelezo yake, na wakili wetu ataanza na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Linakwenda TCRA pia, wajue duka gani linauza redio zenye masafa yasiyo ya nchi hii kwa mtu aliyeonyesha leseni. Na risiti mliyoniandikia kwa mkono, kwa bidhaa ya zaidi ya nusu milioni, haina namba ya EFD, mashine ya risiti za kodi. Ile nitaipeleka TRA, Mamlaka ya Mapato, mimi mwenyewe. Wenye kambi za uwindaji tunafahamiana, na kila anayeniuliza wapi pa kununua redio kabla ya msimu wa uwindaji kufunguliwa Julai Mosi atasikia yaliyonikuta, neno kwa neno, pamoja na lile neno.

Redio zote sita ninazo, lebo zimepigwa picha, na ile aliyokuwa nayo mfuata nyayo imepasuka kioo na bado ina damu kwenye kitufe. Haijafutwa na haitafutwa. Sitazileta tena mjini kwa gharama yangu. Mtu wenu atazifuata Itigi akiwa na fedha mkononi, na atazihesabu mbele ya mashahidi.

Wenu,

Msimamizi wa Kambi

Nakala:
Mkurugenzi Mkuu, Tume ya Ushindani (itatumwa siku ya 15)
Mkurugenzi Mkuu, TCRA (itatumwa siku ya 15)
Wakili wa kampuni (ameshapokea)