Barua kwa Mpwa Wangu Kuhusu Kanisa Kuu la Watakatifu Wote

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeisoma insha yako ya darasa la usanifu majengo, ile uliyonitumia pamoja na michoro, na nimeona jinsi ulivyolihukumu Kanisa Kuu la Watakatifu Wote, la Kianglikana, hapa Nairobi: kwamba ni koti la Mwingereza lililovalishwa mji usio na theluji. Usemi huo ni mtamu, na sehemu yake ni kweli. Hata hivyo, umeifunga insha pale ambapo habari za jengo hilo ndipo zinapokolea, na kwa kuwa wenzako wengi husema kama wewe, nimeona nikujibu hadharani.

Niyataje kwanza nisiyoyapinga. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 3 Februari 1917 na Gavana Henry Belfield, miaka 18 tu tangu reli ifike Nairobi, huku Waingereza na Wajerumani wakipigana kusini mwa mpaka na vijana wetu wakichukuliwa kwa maelfu kuwabebea mizigo. (Kila upitapo mtaa wa Kariokor, unapita kwenye jina la kikosi hicho cha wapagazi, Carrier Corps.) Michoro ilikuwa ya Temple Moore, bingwa wa mtindo wa Kigothi huko Uingereza, aliyefariki mwaka 1920 kazi ikiwa bado mbichi. Nao waumini waliokusudiwa walikuwa walowezi na maofisa wa serikali yao.

Lakini ulipoandika kwamba kanisa "lilijengwa mwaka 1917" umelipunja. Lilikuja kukamilika mwaka 1952, yaani baada ya miaka 35, na mwezi wa Oktoba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Katika muda huo wote, wenye kuyachonga mawe na kuyapandisha ukutani walikuwa mafundi wa hapahapa, na insha yako haijawapa hata sentensi moja.

Mawe yenyewe pia umeyapita mbio. Rudi ukasimame karibu na ukuta, uutazame kwa kando mwanga unapoupiga: hayo ni mawe yaliyopigwa patasi kwa mkono, moja baada ya jingine, na rangi yao ya kijivu ndiyo ileile uionayo katika majengo mengi ya zamani ya mji huu. Kisha inua macho kwenye matao yaliyochongoka. Tao la namna hiyo huuteremsha uzito wa juu kwa wima zaidi kuliko tao la duara, na viegemezo vya nje huzuia kuta zisisukumwe, ndiyo maana wajenzi wa Kigothi waliweza kutoboa madirisha marefu. Kule kwao waliuwinda mwanga. Hapa tulipo, digrii moja na kidogo kusini mwa ikweta, mwanga hauwindwi, na faida kubwa imetoka kwenye unene wa mawe: ukiingia saa saba mchana kutoka Kenyatta Avenue, mwili hupoa kabla hujapata mahali pa kuketi. Sidhani Moore aliuchora ukuta kwa ajili ya jua letu, lakini ukuta hauulizi nia ya mchoraji.

Sasa nifikie jambo lililonifanya nishike kalamu. Michoro yako inaonyesha ukumbi wa ibada, minara na madhabahu, lakini chumba kilicho chini ya sakafu hakimo. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi Uhuru Park na kugoma kula, wakitaka wana wao waachiliwe, Wangari Maathai akiwa pamoja nao. Tarehe 3 Machi polisi waliwashambulia kwa marungu na mabomu ya machozi, Maathai akapigwa hadi akazirai, na baadhi ya wale mama wazee wakavua nguo mbele ya askari, tendo ambalo kwetu ni laana isiyohitaji kufafanuliwa. Walipofukuzwa bustanini, kanisa liliwapokea, nao wakakaa katika chumba hicho cha chini karibu mwaka mzima, hadi wafungwa wengi walipoachiliwa mapema mwaka 1993. Mlowezi aliyechangia fedha za ujenzi hangewaza kwamba chumba kile kingekuja kulaza mama zetu, wakiidai haki serikali ya Waafrika wenzao.

Tarehe 7 Julai 1997, siku ya Saba Saba, ya maandamano ya kudai mageuzi ya kisiasa, polisi waliingia hadi ndani ya ukumbi wa ibada, wakawapiga watu waliokuwa wakiomba, na Mchungaji Timothy Njoya, ambaye ni wa kanisa la Presbiteri, akapigwa vibaya palepale kanisani. Wanaodai kwamba jengo hili ni la wageni wanieleze ni wageni gani waliokuwa wakilikimbilia siku hizo.

Kwa hiyo, kabla hujaikabidhi insha kwa mhadhiri wako, chora mkato wa jengo kuanzia msingi hadi paa, uonyeshe mahali chumba cha chini kilipo, ngazi zake na njia za kuingilia. Usiende Jumapili, kwa sababu ibada hufuatana na hutapata nafasi ya kupima chochote. Nenda siku ya kazi, uombe ruhusa ofisini, na umchukue mwenzako wa kukushikia utepe wa kupimia.

Mjomba wako,
Nairobi